Ubingwa wa patholojia: Kwa nini daktari wa Kagera achague Bugando?

KINYAMA kinachokatwa kwenye titi la mama kutoka Kibingo, wilayani Kyerwa, hakisomwi wilayani kwake. Hutumbukizwa katika kichupa chenye fomalini, kikaandikwa jina, umri na mahali kilipotoka, kisha kikaanza safari ndefu kuelekea kwa daktari ambaye mama huyo huenda asimwone maisha yake yote.

Daktari huyo ni bingwa wa patholojia. Ndiye anayesema kama uvimbe ni saratani au la, ni wa aina gani na umekwenda umbali gani. Bila neno lake, mpasuaji hajui akate kiasi gani, na daktari wa saratani hajui aanze na dawa ipi.

Mabingwa hao ni wachache mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Oncology ulionyesha kuwa nchi nyingi za kusini mwa Jangwa la Sahara zina chini ya mwanapatholojia mmoja kwa kila watu 500,000. Marekani na Uingereza hesabu hiyo huwa ni mmoja kwa watu kati ya 15,000 na 20,000. Mkoa wa Kagera peke yake ulikaribia watu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022.

Kwa sababu hiyo, mahali anapokwenda kusomea daktari mmoja mwenye nia ya kuwa mwanapatholojia si jambo lake binafsi tu. Na kwa madaktari wanaofanya kazi Karagwe, Kyerwa, Muleba au Bukoba, jina lililo karibu zaidi ndani ya mipaka ya nchi ni Bugando, jijini Mwanza.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Daktari husoma shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 5, hufanya mazoezi ya kazi hospitalini kwa mwaka 1, husajiliwa, na mara nyingi hupelekwa wilayani kabla ya kurudi darasani. Shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, ile inayofahamika kwa kifupi kama MMed, huchukua kwa kawaida miaka 3 au 4 kulingana na chuo.

Ipo tofauti moja kubwa kati ya Afrika Mashariki na Marekani ambayo vijana wanaosoma habari za vyuo vya huko husahau. Marekani daktari anayesomea ubingwa ni mwajiriwa wa hospitali na hulipwa mshahara. Hapa, katika vyuo vingi, ni mwanafunzi anayedaiwa ada, ingawa kutwa nzima anafanya kazi za hospitali. Ndiyo maana swali la kwanza la wengi huwa ni nani atakayelipa. Wengine hulipiwa na mwajiri na kuendelea kupata mshahara wakiwa masomoni. Wengine hupata ufadhili wa masomo ya ubingwa unaotolewa na Wizara ya Afya. Asiyepata chochote kati ya hivyo, mara nyingi huahirisha.

Patholojia ina mzigo mwingine wa ziada, nao ni sifa mbaya isiyostahili. Mitaani mwanapatholojia hutambuliwa kama daktari wa maiti. Hana mgonjwa wa kumshukuru, hana jioni za kliniki binafsi kama mpasuaji au bingwa wa magonjwa ya wanawake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inahusu watu walio hai, waliokaa nyumbani wakisubiri jibu.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na huendeshwa kwa makubaliano kati ya Kanisa Katoliki na Serikali. Ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, inayopokea wagonjwa kutoka Mwanza, Kagera, Geita, Mara, Simiyu na Shinyanga. Chuo cha udaktari kilianza hapo mwaka 2003, na baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, ambacho miongoni mwa shahada zake za ubingwa ni ya patholojia.

Kinachoifanya Bugando ivutie ni wagonjwa wake kuliko majengo yake. Kanda ya Ziwa ina magonjwa ambayo daktari anayesomea Ulaya huyaona vitabuni tu, na hata anayesomea Dar es Salaam huenda asiyaone kwa wingi ule ule.

Kichocho ni mfano mzuri. Mayai ya vimelea vyake hukaa katika ukuta wa kibofu cha mkojo kwa miaka, yakiuchubua, hadi saratani ya aina ya pekee inapoota. Mwaka 2013 watafiti wa Bugando walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wakiihusisha na kichocho. Mwanafunzi anayeyaona mayai hayo chini ya darubini, kando ya seli za saratani, katika kioo kimoja, hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Kuna saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino, wengi wao wakifika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kuna saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Na kuna Kaposi, uvimbe wa ngozi uliokuwa ukifahamika katika eneo hili kabla ya Ukimwi, lakini ukageuka kuwa mkali zaidi baada ya ugonjwa huo kuingia. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera.

Halafu kuna uvimbe wa taya kwa watoto, ule ulioelezwa na mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, na ambao hadi leo unabeba jina lake. Mara nyingi husahaulika kwamba Burkitt aliona uvimbe tu. Wanapatholojia waliokuwa Makerere, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio waliosaidia kubainisha kuwa ilikuwa saratani ya chembe za mfumo wa kinga.

Kisa kilichofuata kinafaa kusimuliwa kwa kila daktari anayedharau usafirishaji wa vinyama. Mwishoni mwa mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa aina hiyo kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London kwa mtafiti Anthony Epstein. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na kipande kikafika kwa kuchelewa kikiwa katika maji yaliyochafuka. Wengine wangekitupa. Epstein alipoyatazama maji hayo aliona seli hai zikielea, akazikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kuona kirusi ndani yake. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Vinyama vingi havina bahati hiyo.

Kinyama kinapaswa kuingia katika fomalini mara tu kinapotoka mwilini, na fomalini hiyo iwe angalau mara 10 ya ujazo wake. Wilayani hutokea kikawekwa katika kichupa cha dawa chenye shingo nyembamba. Kikiingia kilaini, hukakamaa humo na hakitoki tena bila kuvunja chupa. Hutokea pia kikaletwa katika maji ya chumvi, au fomu ya maombi ikawa haina umri wala historia ya mgonjwa. Kwa saratani ya titi, kanuni za kimataifa hutaka kinyama kikae katika fomalini kati ya saa 6 na saa 72. Nje ya hapo, kipimo cha vipokezi vya homoni hakiaminiki. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama mama atapewa dawa ya tamoxifen, ambayo ni ya bei nafuu na humezwa nyumbani.

Maabarani, kinyama hutazamwa kwanza kwa macho, kikapimwa kwa rula, kikakatwa na kuelezwa kwa maneno. Kisha hukaushwa maji, hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, yaani elfu za milimita, vikalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Zambarau huonyesha viini vya seli, waridi huonyesha vinavyovizunguka. Hapo ndipo darubini huanza kazi, na hapo ndipo ubora wa chuo hujulikana.

Maana ubingwa huu haufundishiki kwa mihadhara. Hufundishwa kwa watu wawili kutazama kioo kimoja kwa wakati mmoja: mwanafunzi aseme anachokiona, mkufunzi amwambie alichokikosa. Chuo chenye vioo vingi na wakufunzi wachache humwacha mwanafunzi akijifundisha makosa yake mwenyewe. Chuo chenye wakufunzi wengi na vioo vichache humpa shahada bila macho. Daktari anayechagua hana budi kuuliza idadi zote mbili, na aulize pia ni saa ngapi kwa siku darubini ya kutazama wawili inatumika kweli.

Kwa upande huu Bugando ina faida na hasara zilizofungamana. Mwaka 2011 jarida la kimarekani la Archives of Pathology & Laboratory Medicine lilichapisha maelezo ya kazi ya patholojia Mwanza, yakionyesha jinsi idara ndogo inavyobeba kanda kubwa. Mwanafunzi katika idara ya namna hiyo hashindanii kazi na wenzake kumi. Hugusa vinyama mwenyewe tangu miezi ya mwanzo, huvuta seli kwa sindano kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa aliyeketi mbele yake, na wapasuaji humfahamu kwa jina. Hasara yake ni kwamba bingwa mmoja akisafiri, mafunzo yanayumba.

Idara hiyo pia haikukua peke yake. Wanapatholojia wa Italia waliojiunga katika chama cha Patologi Oltre Frontiera walishirikiana na Bugando kuijengea uwezo maabara na watu wake, na kwa upande wa hospitali nzima kuna uhusiano wa miaka mingi na Weill Cornell ya New York. Kwa mwanafunzi, uhusiano wa namna hii una thamani pale tu unapompa mtu wa pili wa kumtumia picha ya kioo kigumu. Ukiishia kwenye wageni wa wiki mbili na picha za pamoja, haumwongezei chochote.

Wapo watakaosema kuwa jina kubwa ni Muhimbili, nao hawakosei. Mafunzo ya udaktari Dar es Salaam yalianza mwaka 1963, na chuo hicho kimekuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, tangu mwaka 2007. Karibu nacho kuna hospitali ya taifa na taasisi ya mifupa na ubongo, na ufukweni kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kisheria mwaka 1996. Anayetaka kubobea katika uvimbe wa ubongo, magonjwa ya damu au uchunguzi wa vifo vyenye utata, au anayetaka kufundisha chuo kikuu, ana sababu nzuri za kwenda Dar es Salaam. MUHAS pia hutenganisha njia: patholojia ya vinyama ni shahada yake, magonjwa ya damu na huduma ya damu salama ni nyingine, na mikrobiolojia ni nyingine.

Mgawanyo huo si jambo dogo kwa mtu wa Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba Vijijini, ukiwa wa kwanza kuripotiwa nchini, na Januari 2025 ukathibitishwa tena Biharamulo. Magonjwa ya namna hiyo hutambuliwa na wataalamu wa virusi kwa vipimo vya vinasaba. Mwanapatholojia wa darubini siye mwenye jibu la kwanza. Lakini ndiye anayeweza kuitwa kuchunguza maiti ya mtu aliyekufa kwa homa isiyoeleweka kabla ya yeyote kujua ni nini. Mafunzo yasiyomfundisha lini asiupasue mwili huo ni mafunzo ya hatari kwake na kwa wahudumu wa chumba cha maiti.

Kwa daktari wa Kyerwa kuna njia ya tatu ambayo ramani ya Tanzania haiionyeshi. Kutoka Murongo, ng'ambo ya Mto Kagera, ni Kikagati ya Uganda, na barabara yake huelekea Mbarara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, nacho hufundisha ubingwa wa patholojia. Kwa umbali, kiko karibu na Kibingo kuliko Mwanza. Na kwa lugha, Mnyambo wa Karagwe na Mnyankole wa Mbarara huelewana bila mkalimani, jambo linalosaidia sana pale historia ya ugonjwa inapotakiwa kuulizwa kwa bibi kizee asiyejua Kiswahili wala Kiingereza.

Kampala kuna Makerere, yenye historia ndefu kuliko wote, na rejista ya saratani iliyoanza miaka ya 1950. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambako maabara ina ithibati ya kimataifa. Rwanda ilianza kusomesha wanapatholojia wake nyumbani mwaka 2013, baada ya miaka mingi ya kutegemea wageni na waliosomea nje.

Hata hivyo, anayevuka mpaka anapaswa kujua kinachomngoja akirudi. Shahada yake itapitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ajili ya kutambuliwa, na jina lake litaandikwa katika daftari la mabingwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ufadhili wa ndani nao si lazima umfuate nje. Wapo wanaopunguza utata huu kwa kufanya pia mitihani ya Chuo cha Wanapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COPECSA, kinacholenga kuwa na kipimo kimoja cha ubingwa kwa nchi zote za ukanda huu.

Kabla ya kujaza fomu, daktari hufanya vyema kutembelea idara kwa siku moja ya kazi, si siku ya sherehe. Atazame kama mashine ya kukatia vinyama inafanya kazi na ipo ya akiba. Katika maabara nyingi za ukanda huu, mashine moja ikiharibika kila kitu husimama hadi fundi apatikane. Aulize kama kemikali za imunohistokemia, zile zinazotambua aina ya saratani pale rangi za kawaida zinaposhindwa, zipo mwaka mzima au huja kwa msimu wa mradi. Aulize ni maiti ngapi zilichunguzwa mwaka uliopita, kwani uchunguzi huo umepungua duniani kote na ndugu wengi huukataa. Na akae katika kikao ambacho wapasuaji, madaktari wa saratani na wa mionzi hujadili mgonjwa mmoja mmoja. Iwapo mwanapatholojia katika kikao hicho anasikilizwa, hiyo ni idara ya kusomea. Iwapo hayupo kabisa, afikiri upya.

Muhimu kuliko yote pengine ni kuwauliza waliohitimu, kila mmoja akiwa peke yake, walikwenda wapi baada ya hapo. Mwanapatholojia hafanyi kazi mahali palipo na darubini pekee. Anahitaji fundi wa kuandaa vioo, umeme usiokatika wakati nta inayeyushwa, na kemikali zinazonunuliwa kwa bajeti inayojulikana. Aliyesoma Dar es Salaam na kuzoea vyote hivyo mara nyingi hubaki Dar es Salaam. Aliyesoma Mwanza amezoea upungufu, anawafahamu madaktari wa wilaya wanaomletea vinyama, na akipangwa Bukoba haoni kama ameadhibiwa. Hapo ndipo hoja ya Bugando ina nguvu zaidi, kuliko hata wingi wa magonjwa.

Nafasi za kumpeleka nazo zinaongezeka. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, mkoani Geita, imesogeza huduma za kibingwa karibu na Kagera, na kila hospitali inayoongeza wapasuaji huongeza pia vinyama vinavyohitaji msomaji.

Barabara yenyewe imefupika. Kwa miaka mingi kilichotoka Kagera kupitia Biharamulo na Geita kilisubiri kivuko cha Busisi, wakati mwingine kwa saa nyingi, kabla ya kuingia Mwanza. Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, na gari sasa hupita kwa dakika chache. Kichupa kutoka Kyerwa kinaweza kufika Bugando kikiwa bado ndani ya saa 72, ilimradi kilichokipakia kiliondoka siku hiyo hiyo, na ilimradi upande wa pili yupo mtu wa kukifungua.